Alama Ndani ya Redio ya Mkunga

Waliokuwepo chumbani kwa mzee, fundi wa redio aliyelala mgonjwa, siku ile ya Jumatatu, vikombe vya chai ya saa nne vikiwa bado havijaondolewa, ni hawa wafuatao. Bintiye wa kwanza, mwalimu wa hesabu, aliyekaa upande wa kichwa cha kitanda kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimnywesha baba yake maji kwa kijiko. Mwanawe wa kiume, dereva wa lori, aliyesimama mlangoni, maana tangu utotoni hakupata kukaa pale baba yake anapozungumza. Kitinda mimba, binti fundi wa simu, aliyepiga magoti sakafuni na redio moja kuukuu mapajani, kifuniko chake cha nyuma kikiwa kimefunguliwa. Dada wa mzee mwenyewe, ambaye watoto walimwita Shangazi na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo bila kuuliza undugu unatokea wapi. Jirani, karani mstaafu, aliyeombwa aje na daftari na kalamu mbili. Na wa sita, kwenye kigoda karibu na dirisha, Fundi Taratibu.

Huyu wa sita ndiye ambaye wengine hawakumtarajia. Yeye na mzee hawakuwa wamesemezana kwa miaka arobaini na mmoja. Kitinda mimba alimfuata asubuhi ile kwake, mitaa mitatu kutoka pale, bila kumshauri mtu, akamwambia kuna redio anapaswa kuiona; naye akavaa koti, akafunga kila kifungo, akaja.

Mzee hakumtambua. Macho yake siku hizo yalibaki na kazi moja tu, kutenganisha mwanga na kivuli, na masikio nayo hayakuwa yale ya zamani. Alikuwa ameahidiwa seremala wa kurekebisha dirisha lililogoma kufunga, kwa hiyo aliposikia hatua nzito na kigoda kikilia, alisema, "Seremala, umefika? Dirisha lenyewe hilo. Ila usigonge kitu mpaka nimalize kusema."

Mwalimu alifungua mdomo amsahihishe. Fundi Taratibu akainua kiganja, akatikisa kichwa polepole. Shangazi akanong'ona, "Haya, leo tutaona mambo."

Mzee akakohoa, akatafuta ukingo wa shuka kwa vidole, akaanza.

"Sikilizeni, wanangu. Msinikatize, na mkiona nimerudia jambo mara mbili jueni si uzee peke yake. Ni kwamba jambo lenyewe halijanikalia sawa kichwani. Wazee wengine huwaachia watoto wao mambo yaliyonyooka. Mimi nawaachia fundo, na ncha yake siioni.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, na Shangazi yenu akae chumbani mwake mpaka siku yake, asihamishwe kwa sababu ya mtu kutaka sebule kubwa. Mwalimu achukue vitabu na kabati la vioo. Dereva, mwanangu, saa yangu ya mkono ni yako, na najua pia unataka karakana iuzwe. Nimekusikia ukisema na simu uani, sauti yako haijui kunong'ona. Karakana haiuzwi. Meza ya kazi, mita, vyuma vya kulehemia na lile sanduku la bati lenye transista za kizamani ni vya kitinda mimba, kwa kuwa kati yenu ndiye peke yake ambaye akisikia kitu kinakoroma hukifungua badala ya kukitupa.

Lakini wewe, mama, transista zile usiziamini. Zile ndogo zenye kofia ya bati na miguu minne, hata ambayo haijatumika, hata iliyolala ndani ya karatasi yake tangu siku ilipotoka kiwandani, huota nywele. Usicheke. Ndani ya kofia ile bati huchipua unywele mwembamba usioonekana kwa jicho, unakua kimya kimya miaka na miaka, hadi siku moja unagusa kisichopaswa kuguswa na redio inanyamaza. Miguu mitatu ni ya kazi. Wa nne umeshikana na kofia, hauna kazi nyingine ila kuilinda transista na kelele za nje. Weka mita kati ya kofia na mguu wowote wa kazi. Sindano ikicheza, basi nywele zipo. Na ukiigonga transista ile kwa mpini wa bisibisi, taf, redio itaimba. Unywele umetikisika, umeachia. Mteja atatabasamu, atakushukuru, atakwenda zake. Kisha wiki itapita, au siku tatu, na unywele utagusa tena.

Kugonga si kutengeneza. Sentensi hiyo, karani, iandike peke yake kwenye mstari wake.

Sasa hayo ya nywele sikuyajua zamani. Au niliyajua? Hapana, sikuyajua. Nilijua kugonga tu. Aliyejua ni mwenzangu, ila naye hakujua kwa nini, alijua tu kwa mikono. Ngojeni, nimeanzia katikati.

Tulisoma pamoja shule ya ufundi, zama za wakoloni. Mwalimu wetu wa redio alikuwa na pua kama pilipili iliyoiva, na hakutaka kusumbuka na majina yetu, akatuita kwa namba. Mimi nilikuwa kumi na saba, yeye kumi na nane. Miaka mitatu: 'Kumi na saba, simama. Kumi na nane, futa ubao.' Siku tuliyotoka pale tuliapa wawili kwamba hatutamwita mtu kwa jina lisilo lake, wala hatutaacha jina la mtu lipotee. Ndiyo maana nimewasumbua maisha yenu yote, mtu akisema 'yule jamaa' namuuliza jamaa gani, ana jina. Na yeye jina lake ni Fundi Taratibu. Si Wiki Moja. Nikisikia mtoto wangu au mjukuu wangu akimwita Fundi Wiki Moja, hata nikiwa kaburini nitageuka.

Wiki Moja ni jina nililompa mimi. Sikumpa kwa mdomo, ila ni mimi.

Taratibu jina lilimkaa kama ngozi. Ukimwachia redio kabla hujajua una mimba, utakuja kuichukua na mtoto mgongoni. Alikuwa akikaa mbele ya redio iliyofunguliwa bila kuigusa, mikono mapajani, kama anayesubiri imsalimie kwanza. Hata kuposa alichelewa. Dada, usijikohoze, unajua ninachosema, ulikwisha kuolewa na mtu wa reli naye bado anatafuta shati. Karakana tulikuwa nayo pamoja, na mimi nilikuwa mwepesi. Redio sita kwa siku, yeye moja, na hiyo moja kesho aifungue tena, eti hajaridhika. Nilimtania mbele ya wateja, naye alicheka nami. Alikuwa na kicheko kizuri, bwana. Sijui kama anacho bado.

Yeye ndiye aliyegundua habari ya mguu wa nne. Alikata ule mguu ulioshikana na kofia, kwa koleo ndogo, na redio iliyokuwa maiti ikaimba, na haikunyamaza tena. Nilimwambia, 'Wewe ni mganga gani, unatibu kifua kwa kukata mguu?' Wateja wakaangua kicheko. Yeye akasema, 'Sijui kwa nini inapona, lakini inapona.' Nikamwambia fundi asiyejua kwa nini si fundi. Nilisema hivyo mimi, niliyekuwa nikigonga kwa mpini wa bisibisi.

Mwalimu, nipe maji. Asante. Nilikuwa wapi?

Alama. Ndiyo. Tulikuwa na desturi yetu, tuliianza wenyewe, hatukufundishwa na mtu: kila aliyetengeneza redio alikwaruza alama yake kwa sindano ndani ya kifuniko cha nyuma, pamoja na tarehe. Yangu pembetatu, yake duara. Ilikuwa njia yetu ya kutia jina mahali ambapo mteja hafiki, fundi tu ndiye anafika. Redio ikirudi, unajua nani aulizwe.

Basi kulikuwa na Bibi Mkunga. Hata leo kuna watu nusu mtaa waliopita mikononi mwake. Wewe, dereva, ulitanguliza miguu, ni yeye aliyekugeuza. Alikuwa na redio moja, hiyo aliyoishika mdogo wenu hapo, na alikuwa haisikilizi kwa muziki. Alisikiliza matangazo ya vifo saa saba mchana, kila siku, akiwa ameketi kitako, kwa kuwa ndugu zake walikuwa mbali na simu hakuna. Redio ikaharibika, akaileta kwetu, ikatengenezwa, akarudi nayo nyumbani. Baada ya wiki moja ikanyamaza. Yeye akadhani betri, akangoja mwisho wa mwezi apate mpya. Katika ngoja ngoja hiyo kaka yake akafa. Kaka mmoja, wa tumbo moja. Jina lake likatangazwa siku tatu mfululizo, mtaa mzima wakasikia, na kila mmoja akadhani mwenyewe amesikia. Akazikwa bila dada yake.

Alikuja karakana siku ya soko, milango wazi, watu wamejaa mpaka barabarani. Hakupiga kelele. Aliweka redio mezani kama mtu anavyomlaza mtoto, akauliza, 'Nani kati yenu alinitengenezea hii?'

Nikafungua kifuniko. Nikasema, 'Ni Taratibu.'

Hapo, wanangu. Hapo ndipo kichwa changu kinapogoma.

Siku ile ninayo mara tatu. Ya kwanza, nafungua kifuniko, naona duara, nasema nilichokiona, na sina kosa. Hiyo ndiyo niliyoishi nayo, ndiyo niliyomsimulia mama yenu, ndiyo niliyowasimulia nyinyi. Ya pili, nafungua, naona pembetatu yangu inang'aa, mpya, vumbi la mkwaruzo halijatoka, na ulimi unasema Taratibu kabla sijautuma. Na ya tatu, sisomi kabisa. Nakishika kifuniko lakini macho yangu yako kwa watu, nawaona wamenikazia, na natamka jina lililo karibu. Hii ya tatu ndiyo inayonitisha, maana ina harufu. Nasikia harufu ya lehemu ya moto na ya mafuta ya nywele ya yule mama. Zile mbili nyingine hazina harufu. Je, kumbukumbu yenye harufu ndiyo ya kweli? Karani, wewe umesoma sana. Hujui. Hata mimi sijui.

Mwezi uliopita mjukuu wa Bibi Mkunga alimletea kitinda mimba redio hii, akisema bibi amekwisha kufa, chombo kisitupwe. Binti yangu akaifungua, akanisomea. Duara lipo. Kumbe kweli duara lipo! Moyo ulitulia kidogo. Kisha akasema, baba, na pembetatu ipo, pembeni yake, kubwa zaidi. Tarehe ya duara ni mwaka mmoja kabla. Tarehe ya pembetatu ni wiki mbili kabla ya siku ile. Na mguu wa nne wa transista haujakatwa.

Niligonga. Niligonga nikatia alama yangu nikamrudishia mama wa watu redio mgonjwa.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole huvuja damu likapona. Mwenzangu alisimama begani kwangu siku ile. Hakusema neno. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akachukua koleo yake, akatoka. Wiki iliyofuata nikapigilia ukuta wa plaiwudi katikati ya karakana, na kabla mwaka haujaisha akahama. Watu wakamwita Wiki Moja. Wakaacha kumpelekea redio, wakampelekea pasi na miavuli. Fundi wa redio, anashona miavuli! Na mimi, wanangu, nilipoona redio zangu zinarudi, nilianza kukata mguu wa nne. Kimya kimya. Redio zikapona. Sifa ikaenea, watu wakatoka mbali, wakasema mzee huyu ana njia yake. Hata yule bwana wa gazeti alipokuja akaniuliza njia hiyo umeipata wapi, nilimwambia, 'Kwa uzoefu.' Mama yenu aliikata ile habari akaiweka kwenye fremu. Iko sebuleni. Mnapita chini yake kila siku.

Nani analia? Mwalimu, usilie, hesabu haitaki machozi. Najua utakalosema, umelisema juzi ukidhani nimelala: mambo ya zamani, yule mama amekufa, baba asifedheheke mwishoni, tumwite mwenzake tuyamalize hapa chumbani. Hapana. Neno lililosemwa sokoni halifutwi chumbani. Nilisema milango ikiwa wazi. Litafutwa milango ikiwa wazi.

Na jambo moja linanizunguka, usingizi siupati. Kama mimi niliona, yeye aliona. Alikuwa begani kwangu, na macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Kwa nini hakusema? Neno moja tu: 'Soma tena.' Nimelifikiria miaka, au nimelifikiria tangu mwezi uliopita, sijui tena. Wakati mwingine namkasirikia yeye. Ndiyo, nakiri. Nasema moyoni, angesema! Aliniacha nioze! Halafu nakumbuka aliyeoza ni nani. Seremala."

Fundi Taratibu akainua kichwa.

"Seremala, bado upo?"

"Nipo."

"Unapita ule mtaa wa washona viatu?"

"Napita kila siku."

"Basi pale yupo mzee mmoja, mtengenezaji wa miavuli. Jina lake Fundi Taratibu. Mwambie aje. Mwambie mimi nina swali moja tu, siku ile aliona au hakuona."

Dereva alitazama viatu vyake. Fundi Taratibu alijifungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena.

"Nafikiri aliona," alisema.

"Wewe umejuaje?"

"Fundi huona."

"Mbona alinyamaza?"

Karani aliandika, akafuta, akangoja na kalamu juu ya karatasi.

"Pengine," alisema Fundi Taratibu, "alidhani utasahihisha mwenyewe kesho yake."

Mzee alilala akitazama dari asiyoiona.

"Kesho yake," alisema. "Na kesho yake isipofika?"

"Pengine aliingoja."

"Miaka arobaini na mmoja?"

"Si umesema mwenyewe, ni mtu wa taratibu."

Shangazi alicheka kwa sauti, kisha akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Mzee naye mdomo wake ukasogea upande mmoja.

"Una maneno, seremala. Una sauti ya mtu anayekaa kimya sana. Ukimwona, mwambie mimi siombi anisamehe, maana msamaha unaombwa na mtu anayejua amefanya nini, na mimi ninazo siku tatu, sijui ipi ni yangu. Mwambie nimeichagua ile mbaya zaidi, ile niliyoiona pembetatu yangu. Nimeichukua hiyo, iwe yangu, nizikwe nayo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utamfikishia yote?"

"Nitamfikishia. Yote."

"Basi karani, andika ya mwisho, na andika upesi, naona pumzi inakuja nusu nusu. Jumamosi, siku ya soko, karakana ifunguliwe milango yote miwili. Ukuta wa plaiwudi ung'olewe. Dereva, uung'oe wewe, una mikono. Fremu ile ya gazeti iteremshwe. Karani asimame pale mezani asome maneno haya yote, pamoja na kuchanganyikiwa kwangu, usinisafishie sentensi. Kisha aseme wazi kwamba njia ya kukata mguu wa nne ni ya Fundi Taratibu. Mteja akiuliza, ni ya Fundi Taratibu. Gazeti likiuliza. Ubao wa nje uandikwe upya, jina lake juu, langu chini. Kitinda mimba, mama, redio ya Bibi Mkunga usiitengeneze wewe. Umpelekee yeye. Akikataa, usimlazimishe, iache kwake, mtu yule redio lazima imsalimie kwanza.

Na mkae naye. Aje ale hapa. Shangazi yenu atajifanya hataki. Msimsikilize.

Mwalimu, uache kuwa mkali. Dereva, ukae chini mtu akizungumza nawe. Umesimama miaka mingi, kaa. Kitinda mimba… wewe… usigonge. Ukiona haraka inakushika mkono, uweke mkono mapajani. Kama yeye.

Mungu awape… awape watu watakaowaambia 'soma tena.' Na nyinyi mpewe ulimi wa kusema hivyo. Nawaachia radhi zangu, wote watatu, mkubwa kwa mdogo, na wajukuu… wajukuu nao. Sina kinyongo na mtu. Nina… nimesema redio ipelekwe? Nimesema. Na seremala apewe chai. Hajapewa chai. Mtu kaja tangu asubuhi, mmemweka… kavu…"

Akanyamaza. Mwalimu akainama, akasikiliza kifua, akawafanyia wenzake ishara kwamba amelala tu. Kitinda mimba akaenda jikoni akaleta chai. Fundi Taratibu aliinywa yote, bila haraka, akairudisha bilauri kwenye sinia, akamwomba kitinda mimba amsogezee redio aone ndani. Aliitazama muda mrefu, mikono mapajani. Kisha akasema, "Niletee Jumamosi, pale pale karakana. Nitaifanyia mbele ya watu." Akasimama, akalitikisa dirisha lililogoma, akalifunga kwa bega, akaaga.

Jumamosi milango yote miwili ilifunguliwa. Dereva alikuwa ameng'oa ukuta tangu Jumanne, na mzee aliletwa amebebwa kwenye kiti, kwa kuwa alikuwa ameamka kesho yake akiomba chai na kuuliza kama seremala amefikisha ujumbe. Watu walijaa mpaka barabarani. Karani alisoma maneno haya yote kama yalivyo.

Fundi Taratibu alikuwa amefariki Alhamisi, saa nane mchana.